Hotuba Rasmi ya Mfupa, Kutoka kwa Bingwa Asiye na Mpinzani

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye bado hajafika. Mwakilishi wake, ambaye amenasa kwenye foleni ya barabara ya 59. Wenyeviti wa jumuiya zetu za Afrika Mashariki hapa Sugar Land, Texas, pamoja na wale waliojitenga wakaanzisha jumuiya nyingine kwa sababu ya hesabu za mwaka jana. Mashehe, wachungaji, kina mama wa vikoba, na nyinyi vijana mnaonirekodi bila ruhusa: itifaki imezingatiwa.

Niliombwa niseme kwa dakika kumi. Nimekataa. Mada ya leo ni mifupa iliyochongwa na Wamixteki wa kale wa Meksiko, na mada kama hiyo haikabidhiwi mtu wa kimo changu kwa dakika kumi. Pilau itasubiri. Mifupa hii imesubiri tangu kabla ya Kolombo kuzaliwa, na hakuna hata mmoja uliolalamika.

Wapo watakaonong'ona: huyu bwana amesomea wapi mifupa? Swali hilo ni utovu wa adabu, lakini nitalijibu kwa hisani. Mimi nimekulia kwenye supu. Kila alfajiri babu yangu alinipeleka kwenye kibanda cha makongoro, nikafyonza uboho wakati wenzangu wakipoteza muda wao shuleni. Isitoshe, mwaka 2012 Jumba la Sanaa la Dallas lilipokuwa na maonyesho makubwa ya urithi wa mungu Quetzalcoatl na Meksiko ya kale, nilikuwa Dallas kwenye harusi. Sikuingia. Nilisimama nje nikalisoma bango kutoka juu hadi chini, nikaelewa yote. Wahenga walisema mfupa uliomshinda fisi mbwa hauwezi. Wahenga hawakubahatika kunifahamu.

Tuanze. Mwenye kalamu aandike, asiye na kalamu aazime.

Wamixteki ni watu wa milima ya kusini mwa Meksiko, katika Oaxaca ya leo na maeneo ya jirani ya Puebla na Guerrero. Karne nyingi kabla ya Wahispania kutua mwaka 1519 walikuwa na falme ndogo ndogo zilizooana, zikapigana, zikapatana, zikaoana tena, yaani kama jumuiya zetu, ila wao waliandika kumbukumbu za mikutano. Waliziandika kwa picha, juu ya ngozi ya paa iliyopakwa chokaa nyeupe na kukunjwa. Vitabu vyao vichache vilivyonusurika viko London, Oxford, Vienna na Meksiko kwenyewe. Kwa kufua dhahabu, kupanga vipande vya feruzi na kuchonga mfupa, majirani waliwavulia kofia.

Sasa tuingie kaburini. Tarehe 9 Januari 1932, mwanaakiolojia wa Meksiko, Alfonso Caso, na wenzake walifungua kaburi huko Monte Albán, mji wa kale uliojengwa juu ya kilele kinachotazama bonde la Oaxaca. Wataalamu wanalitambua kwa jina kavu kabisa: Kaburi Namba 7. Wazapoteki ndio waliolijenga mwanzo kwa ajili ya wafu wao, kisha baada ya karne nyingi Wamixteki wakalifungua na kulitumia upya. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya watu kadhaa, dhahabu, fedha, jade, kaharabu, lulu, chombo cha fuwele na fuvu la kichwa lililopambwa kwa feruzi. Mlikuwa pia na vipande zaidi ya thelathini vya mifupa iliyochongwa, mingi ikiwa ya jagwa na ya tai.

Magazeti ya wakati ule yaliimba dhahabu. Mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana kutoka Katy hadi Pearland, naelekea kwenye mifupa.

Fundi wa Kimixteki aliuchagua mfupa mrefu, akaupasua, akausaga juu ya jiwe mpaka ukawa bapa na mwembamba. Kisha akaanza kuondoa. Alipunguza uso wa mfupa pembeni mwa mchoro, ili ndege, mnyama, mtu au alama ya siku ibaki imeinuka. Penye mianya, kwenye baadhi ya vipande, alipachika vijipande vya feruzi hata mandhari yote ikageuka buluu, huku umbo likibaki na weupe wa mfupa. Mchonga milango wa Lamu au wa Zanzibar ataelewa bila mkalimani: ua huonekana kwa sababu ya kile kilichotolewa pembeni mwake. Ila mchonga mlango ana ubao mpana wa kujikunja na kujinyoosha. Huyu alikuwa na upana wa vidole viwili, na akikosea, hakuna mfupa wa pili wa jagwa yule yule.

Ndiyo, mwenyekiti, nimekiona kikaratasi chako. Kimeandikwa "muda". Nakirudisha.

Juu ya mifupa hii wamechonga alama za kalenda, zile zile za vitabu vyao. Kalenda hiyo ilikuwa na alama 20 na namba 13, zikizungushwa pamoja hadi kufika siku 260. Mtoto aliitwa kwa siku yake ya kuzaliwa, halafu akapewa na lakabu. Ndiyo maana mfalme wao maarufu anaitwa 8 Paa Ukucha wa Jagwa. Alizaliwa mwaka 1063, akatawala Tilantongo, akajikusanyia falme za wenzake moja baada ya nyingine, na mwaka 1115 akakamatwa na kuuawa. Habari zake zimo katika kitabu cha picha kiitwacho Nuttall, kilichohifadhiwa British Museum. Mimi, kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe, ni 13 Mamba Mkia wa Dhahabu. Hesabu hiyo sitaionyesha.

Bwana 8 Paa alipopandishwa cheo alitobolewa pua kwa msharasi wa mfupa ulionolewa, akavalishwa kipini cha feruzi. Hapa nataka nitoe ushauri wa kitaalamu bure, ingawa kwa kawaida natoza. Kila anayegombea uenyekiti wa jumuiya atobolewe pua hadharani kwa mfupa kabla ya kura kupigwa. Naahidi fomu za wagombea zitapungua.

Sasa nafika kwenye ugunduzi wangu, ulionifanya nikose usingizi. Vipande vingi kati ya vile vya Kaburi Namba 7 ni virefu, bapa, vimepungua unene upande mmoja, vimechongoka nchani. Je, hivi ni nini? Mwenye akili timamu atasema ni panga. Ni panga za heshima za majemadari! Mfalme anazishika mkononi, adui anatetemeka, na mimi natetemeka kwa furaha ya kuwa wa kwanza kulisema hili katika Fort Bend nzima.

Naona mama mmoja pale nyuma amenyoosha mkono. Mama, maswali ni mwishoni. Naam? Sema basi, kwa ufupi, kwa kuwa wewe ndiye uliyenishonea kanzu hii.

Mama anasema babu yake alikuwa mfumi wa vikoi, na kwamba kitu chembamba, bapa, laini, chenye ukingo uliopungua, ni kitu cha kupitisha kati ya nyuzi na kuupiga uzi mpya ukae mahali pake. Anasema upanga wa namna hiyo haukati hata papai.

Asante, mama. Keti. Mchango wako ni mzuri kwa kiwango chake, lakini hapa tunazungumza habari za wafalme.

Kwa bahati mbaya kijana mmoja mwenye simu ameshaanza kusoma kwa sauti, kwa hiyo nalazimika kuwahi kabla hajaniharibia. Ni kweli kwamba mwaka 1994 watafiti wawili, Sharisse McCafferty na Geoffrey McCafferty, walichapisha makala iliyolitazama upya Kaburi Namba 7. Walisema mingi ya mifupa ile ina umbo la vyombo vya kufumia: vipande vya kupigia uzi, vichokoo na vitana. Walionyesha kwamba humo humo mlikuwa na vigurudumu vya kusokotea uzi na vibakuli vya kuuzungushia. Wakapendekeza kwamba huenda mtu mkuu aliyelazwa pale, au nguvu iliyoheshimiwa pale, ilikuwa ya kike. Wakakumbusha kwamba katika Meksiko ya kale msichana alipozaliwa aliwekewa vyombo vya kusokota na kufuma, kama mvulana alivyowekewa silaha, na kwamba miungu wa kike walichorwa wameshika kipigia uzi kama mtu aliyeshika upanga.

Mnaona? Nilisema ni upanga!

Mama amenyoosha mkono tena. Anauliza, kama hao wafalme wangu walikuwa wakubwa hivyo, nani aliwavisha nguo.

Naomba katibu asiandike kicheko hicho kwenye kumbukumbu.

Nitaujibu upotofu huu kwa hoja moja nzito. Mifupa hii ni mizuri mno. Imechongwa kwa subira, kwa hesabu, kwa jicho lisilotikisika. Kitu kizuri kiasi hicho lazima kiwe cha mkubwa, na mkubwa, kwa utafiti wangu wa supu, ana ndevu. Habari kwamba nguo ndiyo iliyokuwa mali, ndiyo iliyotolewa mahari, ndiyo iliyolipwa ushuru, na kwamba mfumaji hodari aliheshimiwa kama shujaa, mimi siipingi. Naiweka pembeni tu. Vivyo hivyo siwezi kubabaishwa na wale watakaonikumbusha kwamba Pate ilisifika kwa hariri zake kote pwani, au kwamba wachimbaji wa Kilwa wameokota vigurudumu vya kusokotea uzi ardhini. Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, hiyo ndiyo ya kutajwa. Ilipigwa kwa ajili ya wakubwa, ikasikika mbali, na hakuna anayeuliza nani aliyeshona nguo za mpigaji.

Naendelea. Kwa huzuni kubwa nawafahamisha kwamba Wamixteki, baada ya kutuachia mifupa hii, walitoweka duniani.

Nani tena? Kijana wa safu ya tatu anasema hawakutoweka. Anasema anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa Houston, na anayekata vitunguu pembeni yake ni Mmixteki, anampigia mama yake simu kwa Kimixteki kila Jumapili. Kijana mwingine anaongeza kwamba sensa ya Meksiko ya 2020 ilihesabu wasemaji zaidi ya nusu milioni, na kwamba wengi wengine wako California mashambani. Anasema wenyewe hujiita Ñuu Savi.

Vijana, mnanivuruga. Mtaalamu wa watu wa kale hawezi kufanya kazi yake ikiwa watu wenyewe wanaendelea kupiga simu.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo hotuba inapopanda daraja. Mtaniuliza: bingwa, mifupa ya Meksiko inahusiana nini na sisi wa Sugar Land? Inahusiana sana, kwa sababu mji huu, mabibi na mabwana, ni mji wa mfupa kuliko miji yote ya Texas, na mimi ndiye niliyeutambua.

Tazameni lile jengo refu la matofali mekundu kwenye kiwanda cha zamani cha sukari cha Imperial, lile mnalolipiga picha mkienda kununua nyama. Lilijengwa miaka ya 1920. Kazi yake ilikuwa nini? Mifupa ya ng'ombe ilichomwa mbali na hewa mpaka ikawa makaa meusi, sukari ya kahawia iliyoyeyushwa ikapitishwa ndani ya makaa hayo, rangi ikanaswa, ikatoka nyeupe pe pe pe. Kampuni inauhesabu mwanzo wake tangu 1843, na kiwanda kilifungwa mwaka 2003. Kwa hiyo Wamixteki waliupa mfupa rangi kwa feruzi, nasi tuliutumia mfupa kuondoa rangi. Ulinganisho huu haujawahi kufanywa na mtu yeyote. Naomba makofi.

Asanteni nyote wawili.

Halafu tuna tawi la Makumbusho ya Sayansi Asilia ya Houston, hapa hapa Telfair, lililofunguliwa mwaka 2009. Watoto wenu wanakwenda kuona mifupa ya dinosaria. Jengo lenyewe lilikuwa gereza. Wenye nia mbaya huuliza gereza lilifuata nini katikati ya mashamba ya miwa. Mimi huwa nawaelekeza kwa dinosaria.

Nilikuwa nimepanga kupita jambo linalofuata kwa nusu dakika, lakini mama mshonaji amesimama, na akisimama yeye kina mama wa vikoba nao husimama. Anataka niseme habari za mifupa mingine ya Sugar Land.

Haya. Mwezi Februari 2018, wilaya ya shule ya Fort Bend ilikuwa inajenga chuo cha ufundi, kile kinachoitwa James Reese. Wachimbaji wakakuta mfupa. Wakachimba zaidi, wakakuta makaburi yasiyo na alama, na yalipohesabiwa yalikuwa ya watu 95. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka kama 14, mkubwa wao kama 70. Mmoja tu alikuwa mwanamke. Walikuwa Wamarekani weusi waliofungwa na jimbo, kisha jimbo likawakodisha kwenye mashamba ya miwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1865, lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango kwa mtu aliyetiwa hatiani, na mwaka 1878 Texas iliwakodisha wafungwa wake kwa Edward Cunningham na Littleberry Ellis, wenye mashamba wa hapa. Mfungwa wa kukodi hakununuliwa, kwa hiyo akifa aliyemkodi hakupoteza mtaji. Aliomba mwingine.

Na kabla ya chuo hicho kuchimbwa kulikuwa na mzee mmoja, Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza, aliyekwenda ofisi hadi ofisi kwa miaka akisema: hapa kuna makaburi, tafuteni kabla ya kujenga. Wengi hawakumjali. Hakuwa na cheti chochote cha mifupa, na mimi nina msimamo mkali kuhusu watu wasio na vyeti. Mifupa ilipotoka, ilitoka pale alipokuwa akipaonyesha. Wale 95 walizikwa tena pale pale mwaka 2019. Moore akafariki mwaka uliofuata.

Mama anauliza kwa nini sikuiweka mifupa hii katika hotuba yangu. Mama, ni kwa sababu za kitaalamu. Mimi nahusika na mifupa iliyochongwa. Waliowachunguza hawa 95 waliona mifupa iliyopindwa na kuharibiwa na kazi nzito, kazi iliyoanza tangu ujana, mwili haujamaliza kukua. Alama zipo, nakiri, na zinasomeka waziwazi. Lakini hakuna jagwa, hakuna tai, hakuna feruzi. Hakuna hata jemadari mmoja. Tutaiweka kwenye kabati gani?

Mbona ukumbi umenyamaza? Nilitarajia makofi hapa. Katibu, andika kwamba ukimya huo ulikuwa wa heshima kwangu.

Basi nifunge, maana nanusa iliki na naona masufuria yanafunuliwa bila idhini yangu. Nawasilisha maazimio matatu.

La kwanza: nitambuliwe rasmi kama Bingwa Mkuu wa Mfupa, Sugar Land na Texas Kusini, cheo cha maisha, pamoja na posho ya mafuta.

La pili: vipande vya Kaburi Namba 7 viitwe panga katika ukumbi huu, hata kama Meksiko nzima itaviita vyombo vya kufumia.

La tatu lililetwa na kina mama wa vikoba, na nililipinga kwa nguvu zangu zote. Linasema Jumapili ijayo watakodi basi, wakawasomee dua na sala wale 95 kwenye makaburi yao pale chuo cha ufundi, wakiwa na watoto wetu, na kwamba mama mshonaji ndiye atakayezungumza.

Wanaokubali la kwanza waseme ndiyo. Nimesikia ndiyo moja, ni yangu, inatosha. La pili limepita kwa namna hiyo hiyo. La tatu... Basi, basi, nimesikia, msivunje viti vya watu.

Mwenye swali lililobaki asiniletee mimi. Vitu vya Kaburi Namba 7 viko mjini Oaxaca, katika makumbusho yaliyomo kwenye nyumba ya zamani ya watawa ya Santo Domingo. Pelekeni watoto, mkavitazame kwa karibu, mkaangalie ukingo wake na ncha yake. Na mkikuta kibao kimeandikwa kwamba ni vyombo vya mfumaji, mwambieni mama mshonaji. Mimi msinipigie simu.